Hodi kwa Shangazi

Siku ya tatu tangu shangazi aanguke, tulikuwa watu saba tumekizunguka kitanda chake. Ilikuwa saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, wodi imejaa chupa za uji na watu wanaonong'ona. Mzee mmoja wa ukoo wetu, ninayemheshimu mpaka leo, aliutazama uso wa shangazi chini ya barakoa ya oksijeni, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Huyu hajitambui. Tuzungumzeni." Tukazungumza. Nani atalala kwake Magomeni, hati ya nyumba anayo nani, ndugu wa Tanga wapigiwe simu leo au tusubiri kwanza. Na mimi nilichangia. Nilisema wapigiwe.

Mama ndiye aliyetukatiza. Aliweka kapu chini, akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la shangazi. "Wifi, hodi," akasema. "Ni sisi. Tuko wengi, tuwie radhi kwa kelele." Kisha akatugeukia na kutuagiza tumsalimie, mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Shikamoo shangazi." Kimya. Mama akaitikia kwa niaba yake, "Marahaba," kama tunavyomsemea mtoto mchanga.

Miaka minne imepita, na neno *hajitambui* bado limenikaa kooni. Hapa Dar ndilo neno letu la kila siku. Aliyegongwa na bodaboda akalala pembeni ya barabara, hajitambui. Aliyezimia kwa joto ndani ya daladala, hajitambui. Tunalitumia haraka, na ndani yake tumefunga mambo matatu pamoja: kwamba mtu hayuko macho, kwamba haitikii, na kwamba ndani yake hakuna anayejua kinachoendelea. Mawili ya kwanza unayaona kwa macho yako. La tatu hulioni. Pale kitandani tuliona mawili, tukatangaza matatu, tukaanza kugawana nyumba ya mtu aliye hai.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, huku Mbagala. Kila mwaka nafundisha milango ya fahamu. Nachora uso ubaoni, watoto wanaitaja kwa pamoja mpaka darasa la jirani linasikia: macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Mwaka mmoja kabla shangazi hajaugua, binti wa dawati la nyuma alinyoosha kidole. "Mwalimu, kama hii ni milango, ndani anakaa nani?" Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba ndani kuna ubongo. Akaketi, lakini niliona jibu halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha hata mimi. Ubongo ni nyumba. Yeye alikuwa ameuliza mwenye nyumba.

Nilianza kusoma kwa ajili ya swali lile, halafu nikaendelea kusoma kwa ajili ya shangazi. Jambo la kwanza lililonishika ni kwamba mlango unaweza kuwa wazi, mgeni akaingia, na mwenye nyumba asiwe na habari. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz na wenzake waliandika habari za mgonjwa mmoja huko Uingereza aliyefanyiwa upasuaji ukaondoa sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho. Macho yake yenyewe yalikuwa mazima. Ukimwekea taa upande wake mbovu, anakwambia haoni kitu. Ukimwambia basi bahatisha tu, nyoosha kidole palipo na taa, ananyoosha, na anapata, mara nyingi kupita bahati. Mwenyewe alishangaa alipoonyeshwa matokeo yake. Kuna kitu ndani yake kilichoona, na yeye hakuona. Kwa hiyo kupokea habari ni jambo moja na kuwa na fahamu nazo ni jambo jingine. Nilipolielewa hilo nililiandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, na bado lipo pale.

Nirudi wodini. Usiku wa kwanza niliruhusiwa kukaa, nikamwona nesi akimpima shangazi. Aliita jina lake kwa nguvu mara mbili. Macho hayakufumbuka. Akachukua kalamu ya bluu kutoka mfukoni, akailaza juu ya ukucha wa kidole cha shahada, mkono wa kushoto, akabinya. Nilihesabu: moja, mbili. Kiwiko kikakunja taratibu, mkono ukajivuta kuikimbia kalamu. Hakuna sauti iliyotoka, hata mguno. Nesi akaandika 6 kwenye chati, akaenda kitanda cha pili.

Ile sita nilikuja kuielewa baadaye. Ni kipimo kilichotungwa mwaka 1974 mjini Glasgow, Uskoti, na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kufumbua macho kuna alama 4, kusema kuna alama 5, kujongea kuna alama 6. Mtu mzima wa afya anapata 15, na hata asiyeitikia kitu chochote anapewa 3. Shangazi alipata 1 ya macho, 1 ya maneno, na 4 ya ule mkono uliokimbia maumivu. Nakiheshimu sana kipimo hiki. Hakidai umeme wala mashine, na nesi wa usiku anamwachia wa asubuhi namba moja wakaelewana bila maelezo marefu. Lakini tazama kinachopimwa: kufumbua, kusema, kujongea. Vyote vitatu ni mwili kuitikia. Mwili ukigoma, namba itakuwa ya chini, hata kama mwenye nyumba yuko macho anakusikia.

Na hapa ndipo nilipomkumbuka shangazi akiwa mzima. Nyumba yake ni zile za vyumba sita, korido katikati, uwani kuna bomba na jiko la nje. Ukifika alasiri ukapiga hodi, mara nyingine huitikiwi. Unapiga ya pili, kimya. Halafu unasikia kofi, pah, kiganja juu ya kiganja, kutoka chumba cha pili kushoto. Yuko kwenye mkeka anasali. Amekusikia tangu hodi ya kwanza, ila hawezi kukujibu. Ungeondoka baada ya hodi ya pili ungekwenda kusema mtaani kwamba nyumba ile haina mtu.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, wakati huo akiwa Cambridge, Uingereza, walilisikia kofi la namna hiyo. Mgonjwa wao alikuwa mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Miezi mitano ilishapita. Alikuwa anafumbua macho na kuyafumba, analala na kuamka, lakini hakuna amri hata moja aliyoifuata. Wakamlaza ndani ya mashine ya MRI inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayovuta damu zaidi kwa wakati huo. Wakamwambia: jione unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mijongeo ikawaka, ikabaki hivyo mpaka alipoambiwa apumzike. Wakamwambia: sasa jione unatembea nyumbani kwako, chumba hadi chumba. Zikawaka sehemu nyingine, zile zinazoshughulika na mahali na njia. Waliwapima watu wazima wa afya kwa maagizo yaleyale, wakaona mwako uleule. Mwili wake haukuwa umesogea hata kidogo. Kofi lilitoka ndani.

Miaka minne baadaye, mwaka 2010, kundi hilo likishirikiana na wenzao wa Ubelgiji lilitoa habari za wagonjwa 54. Watano waliweza kuamsha ubongo wao kwa kuambiwa. Mmoja wao waliweza hata kuongea naye: ukitaka kusema ndiyo, fikiria tenisi, ukitaka kusema hapana, fikiria kutembea nyumbani. Akaulizwa maswali sita ya familia yake. Matano aliyajibu sawasawa.

Nimejiuliza mara nyingi shangazi angeambiwa afikirie nini. Tenisi hajawahi kuicheza. Nadhani angeambiwa akune nazi. Amekaa juu ya mbuzi, goti limebana upande mmoja, viganja viwili vinazungusha kifuu, nazi iliyokunwa inadondoka kwenye sinia. Mikono ile imefanya kazi hiyo kwa miaka 50. Kama kulikuwa na agizo lolote ambalo ubongo wake ungelifuata hata mwili ukiwa umelala, ni hilo. Na kwa nyumba, korido yake anaijua gizani.

Shangazi hakulazwa ndani ya mashine ya namna hiyo. Alipigwa picha ya kichwa ya CT, ikaonyesha damu imevuja upande wa kushoto wa ubongo kwa sababu ya presha, na picha ile ndiyo iliyowasaidia madaktari kumtibu. Picha ya damu ilionyesha mahali palipoumia. Haikuwa na namna ya kuonyesha kama alikuwa anatusikia tukiulizana habari za hati.

Ninayo sababu yangu binafsi ya kulishikilia hili. Nikiwa na miaka 11 nilianguka kutoka kwenye mwembe wa jirani kule Tandika, mkono ukavunjika, nikachomwa nusu kaputi ili mfupa urudishwe mahali pake. Nakumbuka pangaboi la dari likianza kurefuka, mapanga yake yakawa njia, nami nikawa nateleza juu ya njia hiyo nyeupe isiyo na mwisho. Kuna sauti ilisema "tayari", ikajirudia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Sikuwa na mkono. Sikuwa na maumivu. Sikujua niko wapi wala kama nitarudi. Lakini nilikuwepo, na nilijua kwamba nipo. Mama alisimama mlangoni wakati wote. Alinisimulia baadaye, na sauti yake ilitetemeka: "Macho yako yalikuwa wazi kabisa, nakuita, hunijibu. Nikasema mwanangu hayupo."

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinisikiliza nikisimulia, akasema bila kusita kwamba ile ilikuwa ketamini. Dawa hii iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na hospitali nyingi za kwetu zinaitegemea kwa sababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki, hata pasipo na mashine kubwa za usingizi. Inaleta usingizi wa ajabu. Macho yanaweza kubaki wazi, mtu asiitikie chochote, na ndani akawa safarini.

Hilo la ndani sasa linapimika. Marcello Massimini na wenzake wa Milan, Italia, walitengeneza njia ambayo mimi naiita kubisha ukutani na kusikiliza mwangwi. Wanaweka koili ya sumaku juu ya kichwa, wanatuma pigo moja kwenye ubongo, na nyaya zilizobandikwa kichwani zinafuatilia jinsi pigo hilo linavyosambaa. Mtu akiwa macho, pigo linazunguka huku na huku, kila sehemu inajibu kwa namna yake, mwangwi unakuwa mrefu na wenye mambo mengi. Mtu akiwa kwenye usingizi mzito usio na ndoto, pigo linadunda palepale na kufa, au linasambaa kama wimbi moja lisilo na habari yoyote. Mwaka 2013 walitoa kipimo chenye namba kutokana na mwangwi huo. Miaka miwili baadaye waliwapima watu waliolazwa kwa dawa mbalimbali. Waliochomwa propofoli, dawa nyingine ya usingizi, namba ilishuka, na walipoamka hawakuwa na la kusimulia. Waliochomwa ketamini hawakuitikia wito kama wenzao, ila namba yao ilibaki juu, karibu na ya mtu aliye macho, na walipoamka walisimulia ndoto ndefu zenye rangi.

Niliposoma hayo nilimpigia simu mama usiku uleule. Nikamwambia, mama, siku ile ya mkono nilikuwepo, wamelipima. Alinyamaza kidogo, akasema, "Alhamdulillahi. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani nilikuita ukakosa njia ya kurudi."

Sasa lile swali la binti wa dawati la nyuma. Mwenye nyumba anakaa chumba gani? Nilidhani jibu lingekuwa jepesi: palipo na seli nyingi zaidi ndipo alipo. Sivyo. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 zimejazana kwenye ubongo mdogo, ule ulio nyuma chini ya kisogo. Mwaka 2014 madaktari nchini China waliandika habari za mwanamke wa miaka 24 aliyezaliwa bila ubongo mdogo kabisa. Alichelewa kutembea, mwendo wake ulikuwa wa kuyumba na maneno yake hayakunyooka vizuri, lakini alikuwa mtu anayejitambua kama mimi na wewe. Sehemu yenye seli nyingi kupita zote haikuwepo, na mwenye nyumba alikuwepo. Upande wa pili kuna shina la ubongo, kipande kinachokaribia unene wa kidole gumba pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha mwaka 1949, kwa kuwapima paka, kwamba mtandao wa neva uliomo humo ndio unaouamsha ubongo wote. Jeraha dogo pale linaweza kumzima mtu. Ile ni swichi kubwa ya ukutani. Ukiizima, vyumba vyote vinaingia giza, lakini hakuna anayekaa ndani ya swichi.

Linabaki gamba la ubongo, na wanasayansi wanabishana juu yake, lile tabaka la juu lenye mikunjo. Wapo wanaofuata wazo alilolitoa Bernard Baars mwaka 1988 na kuendelezwa na Mfaransa Stanislas Dehaene: habari inakuwa ya fahamu pale inapotangazwa ubongo mzima, kama gari la matangazo linapopita mtaani na kila nyumba ikasikia jambo lilelile kwa wakati mmoja. Wapo wanaomfuata Giulio Tononi, ambaye tangu 2004 anasema fahamu ni jinsi sehemu zilivyosukwa pamoja. Mimi humwelewa nikifikiria mkeka: ukiuvuta ukindu mmoja, mkeka wote unajikunja, tofauti na mafungu ya ukindu yaliyolazwa tu sokoni Kariakoo. Kambi hizi mbili zilikubali kupimwa pamoja, kwa masharti yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza, kwa watu 256. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yaliziumiza zote mbili. Kila moja ilikuta kitu ilichokitabiri na kukosa kingine kilichokuwa muhimu kwake. Nawapenda wanasayansi wa namna hii, wanaoandika mapema kwamba tukikosa hiki, tumekosea.

Kuna dau moja maarufu lililowekwa mwaka 1998 mjini Bremen, Ujerumani. Mtafiti wa ubongo Christof Koch alikuwa akifanya kazi na Francis Crick, yule aliyegundua umbo la DNA pamoja na James Watson mwaka 1953. Akamwambia mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 sayansi itakuwa imeonyesha wazi ni mpangilio gani wa seli unaozaa fahamu. Chalmers akasema haitakuwa hivyo. Juni 2023, New York, Koch alisimama mbele ya watu, akakiri ameshindwa, akakabidhi kasha la mvinyo.

Hoja ya Chalmers, aliyoiandika mwaka 1995, naielewa kwa ulimi kuliko kwa kichwa. Chukua tui la nazi. Unaweza kunieleza kemia ya mafuta yake, neva zinazotoka kwenye ulimi, chumba cha ubongo kinachopokea, mpaka seli ya mwisho. Ukimaliza yote, bado nitakuuliza: na ule utamu wenyewe, ninaouonja mimi, umeingiaje humo? Kwa nini kazi hizo zote hazifanyiki gizani, bila mtu wa kuonja? Sijawahi kusoma jibu lililonituliza. Nilimweleza mama, akaniambia la roho nimwachie Mwenyezi Mungu, nishughulike na la masikio. Nimelipokea kama ushauri wa kazi. Nesi wa zamu ya usiku hawezi kusubiri wanafalsafa wamalize. Anachohitaji kujua ni kama aliye mbele yake anasikia.

Na kwa la masikio, habari nzito kuliko zote nilizosoma zilitoka Agosti 2024. Wagonjwa 241 walioumia ubongo, ambao hakuna hata mmoja aliyeonyesha kwa mwili kwamba anafuata amri, walipimwa kwa MRI au kwa nyaya za kichwani. Watu 60 kati yao, yaani mmoja katika kila wanne, ubongo wao ulifuata maagizo. Nilipiga hesabu ya wodi ya shangazi, vitanda kumi na sita, nikasimama hapo, sikutaka kuendelea. Kuna namba ya pili kwenye utafiti huohuo ambayo watu hawaitaji sana, nami naiona kubwa zaidi. Walipimwa pia wagonjwa 112 ambao walikuwa wanafuata amri kwa mwili, mtu unamwambia nyanyua mkono ananyanyua. Mashine iliwaona 43 tu. Hao wengine 69 walikuwa macho, wanasikia, wanatii, na kipimo kikasema kimya. Kwa hiyo hata mashine ikinyamaza, haijasema kwamba nyumba ni tupu.

Shangazi alifumbua macho siku ya tisa. Siku ya kumi na nne nesi alimwambia, "Bibi, nyanyua mkono," na mkono wa kushoto ukanyanyuka, mama akaanguka kwenye kiti akalia kwa sauti. Baada ya wiki tano tukamrudisha Magomeni. Upande wa kulia umelala mpaka leo. Na maneno yameondoka yote isipokuwa moja: "Haya."

Damu ilivujia upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Daktari Mfaransa Paul Broca alianza kulionyesha hilo Paris mwaka 1861 kupitia mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na silabi moja tu, "tan", akiitumia kwa kila kitu kwa miaka mingi huku akielewa sehemu kubwa ya alichoambiwa. Shangazi naye ana "haya" ya chai, ambayo ni fupi, na "haya" ya hasira, inayopanda mwishoni. Ipo ya wajukuu wakipita, ndefu kama wimbo. Wageni wapya huongea naye kwa sauti ya kumsemesha mtoto, au huongea nasi juu yake kana kwamba amelala. Nawaambia wamsalimie kwanza.

Hodi anaisikia kabla yetu. Kwa kuwa kofi la viganja viwili haliwezekani tena, anapiga paja kwa mkono wa kushoto, pah, kutoka chumba kilekile cha pili kushoto, na hapo ndipo tunapojua kuna mgeni barazani. Tukakubaliana naye pia: pigo moja ndiyo, mapigo mawili hapana.

Nilikaa na swali langu karibu mwaka mzima. Jumapili moja nilienda peke yangu, nikamkuta uwani kwenye kiti chake, jua la asubuhi limemfika magotini. Nikakaa chini karibu naye. "Shangazi," nikasema, "zile siku za mwanzo hospitali, kabla hujafumbua macho, ulikuwa unatusikia?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Akapiga paja mara moja. Nikasubiri, moyo unanienda mbio. Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Kisha akapiga tena mara moja, na kusema "haya", ile ya chini ambayo sijawahi kujua ina maana gani. Ndiyo mbili, au hapana moja iliyokatika katikati, sikuweza kutofautisha. Mtaalamu wa mazoezi alishatuambia kwamba kwa mtu aliyepoteza lugha, hata ndiyo na hapana zinaweza kubadilishana nafasi.

Sikumuuliza tena. Nilimwomba radhi kama mtu aliyesikia, nikitaja yale ya siku ya tatu moja baada ya jingine: nyumba, hati, simu ya Tanga, na kwamba mimi ni mmoja wa waliosema wapigiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugeuza uso. Halafu akanyoosha kidole kuelekea mlango wa jiko, palipokuwa na nazi mbili zimeshavunjwa na mbuzi imeegemezwa ukutani. Nikaichukua, nikaikalia, nikaanza kukuna, naye akawa ananitazama mikono.